Treni ya Harambe haiendi mbali

Kule Florida, kusini mwa Marekani, kuna stesheni ya reli inayoitwa Harambe. Si kosa la mpiga chapa wetu. Waliobuni jina hilo waliona e moja mwishoni inatosha, na tangu bustani ya Animal Kingdom ilipofunguliwa, 22 Aprili 1998, hakuna aliyewarudishia ile ya pili. Stesheni imo ndani ya kijiji cha kubuni chenye kuta za chokaa iliyobanduka makusudi, vibaraza, mabati yaliyopakwa rangi ya kutu na mabango ya Kiswahili. Wabunifu wa Disney, wakiongozwa na Joe Rohde, walizunguka Afrika na madaftari yao, na sura ya kijiji wakaichota zaidi Lamu. Kuna kibanda cha vinywaji kinachoitwa Tamu Tamu, kuna duka la Mombasa Marketplace, na magari ya kutazama wanyama yamepewa jina la Kilimanjaro. Mswahili akisimama pale anaweza kudhani ameshushwa kwao na dereva asiyeijua vizuri ramani.

Ukipanda treni yenyewe, viti vyote vinatazama upande mmoja. Juu ya paa imefungwa mizigo ya mapambo, masanduku na vikapu, kama basi la mkoani la zamani. Inapita nyuma ya pazia, penye mazizi wanakolala tembo na vifaru, na baada ya dakika chache inasimama Conservation Station. Huko hakuna njia ya miguu. Hukupanda treni, hukufika. Kisha inakurudisha Harambe. Huo ndio mtandao mzima wa reli hiyo: vituo viwili, na kimoja ndicho ulichotokea.

Harambee ni neno la kuvuta kwa pamoja. Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa Kenya ilipojitawala mwaka 1963, na hata asiyejua historia hiyo anajua neno lenyewe linadai mikono mingi kwenye kamba moja. Ndiyo maana kuna kichekesho kidogo hapa. Kati ya bustani nne kubwa za Walt Disney World, Animal Kingdom ndiyo pekee isiyounganishwa na wenzake kwa chochote isipokuwa barabara ya magari. Treni ya reli moja haifiki. Magari ya kebo hayafiki. Boti haifiki. Njia ya miguu hakuna. Hata hoteli ya Animal Kingdom Lodge, jirani wa ubavuni, yenye majengo ya Jambo House na Kidani Village na mikahawa ya Boma, Jiko na Sanaa, haina njia ya mgeni kutembea hadi getini. Anapanda basi, anakaa dakika chache, anashuka.

Tumezoea kudhani kwamba kituo huwekwa pale watu walipo. Kwenye biashara ya bustani hizi, zile zenye mabehewa yanayopinduka juu chini na wafanyakazi waliovaa vichwa vya panya, kituo huwekwa pale mwenye mali anapotaka uwe. Umbali kati ya geti na geti haupimwi kwa kilomita peke yake. Unapimwa pia kwa swali la kama, ukishuka upande wa pili, fedha yako itakuwa bado ndani ya ua au imetoka.

Kisa kinaanzia California. Disneyland ilifunguliwa 17 Julai 1955 mjini Anaheim, na Walt Disney alikuwa amemaliza uwezo wake wote kujenga ndani ya ua. Ardhi ya nje haikuwa yake. Muda si muda moteli, mabango ya taa na vibanda vya chakula vikabanana hadi ukingoni mwa barabara. Wageni waliokuja kwa ajili yake walilala na kula kwa majirani. Jambo hilo lilimkera mpaka mwisho wa maisha yake, na kila kilichojengwa baadaye Florida kina alama ya kero hiyo.

Anaheim ndiko treni ya reli moja ilikoanzia pia. Richard Nixon, wakati huo makamu wa rais, alikata utepe 14 Juni 1959. Mwanzoni ilikuwa mchezo tu kama mingine: unapanda, unazungushwa, unashuka pale pale. Ilipopelekwa hadi kwenye hoteli mwaka 1961 ndipo ikawa usafiri. Tofauti ya mchezo na usafiri ni hiyo tu, kwamba kuna kituo cha pili.

Bustani ya pili ya Anaheim, California Adventure, ilifunguliwa Februari 2001. Ardhi ilikuwa finyu, kwa hiyo ikajengwa juu ya maegesho ya magari ya ile ya kwanza. Matokeo yake mageti mawili yanatazamana kama milango ya nyumba za uswahilini. Ukikohoa huku unasikika kule. Dakika mbili za miguu zinatosha. Hakuna treni, hakuna basi, hakuna mtu wa kukuelekeza. Ile treni ya mwaka 1959 inapita juu ya eneo la bustani ya pili kila siku, abiria wanaiona kwa chini, lakini haisimami. Haina haja. Kwa maoni yangu huu ndio uunganisho bora kuliko wote katika biashara hii nzima, na umetokana na ufinyu wa ardhi, wala si hekima ya mpangaji yeyote.

Florida walifanya kinyume. Katikati ya miaka ya 1960 watu wa Disney walinunua ardhi kimyakimya kwa kutumia kampuni za majina ya kubuni, ili wenye mashamba wasipandishe bei, wakakusanya zaidi ya ekari 27,000 za kinamasi na misitu. Ni eneo linalokaribia mara mbili ya kisiwa cha Manhattan. Safari hii hakuna jirani angeweza kumsogelea mtu. Na Walt alikuwa na ndoto ndani ya ardhi hiyo: mji wa mfano, EPCOT, ambao magari na malori yangepita chini ya ardhi, watu wangetembea juu, treni ya reli moja ingekuwa uti wa mgongo, na vigari vidogo visivyosimama vingewasambaza watu mitaani. Alifariki 15 Desemba 1966 kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Kampuni ikajenga bustani, ikaliacha kabatini wazo la mji.

Magic Kingdom ilifunguliwa 1 Oktoba 1971, na namna mgeni anavyoifikia ni somo la peke yake. Mwenye gari haegeshi getini. Anaegesha ng'ambo ya ziwa la kuchimbwa, anafika kituo kikuu kiitwacho Transportation and Ticket Center, kisha anachagua: treni ya reli moja au pantoni. Akichagua pantoni anasimama kwenye sitaha pamoja na mamia ya wengine, na ngome ya binti mfalme inachomoza taratibu upande wa pili wa maji. Mkazi wa Kigamboni hatashangaa kuvuka maji kila siku. Atashangaa kuambiwa kwamba maji yaliwekwa makusudi ili kuwe na kuvuka. Walitaka mgeni ahisi ameiacha dunia yake nyuma, na wakafanikiwa, lakini gharama yake ni kwamba kutoka kwenye gari lako hadi kwenye geti unapanda chombo kingine kimoja, au viwili ukihesabu kigari cha maegesho.

Mgeni aliyelala kwenye hoteli za Disney hapitii huko. Basi lake linamshusha hatua chache kutoka getini. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba huyu ni bora kuliko yule, vituo vimesema. Na asidhani mwenye gari kwamba angeweza kujiondokea kwa miguu: mpaka mwaka 2020, ilipofunguliwa njia kutoka hoteli ya Grand Floridian, hapakuwa na namna ya kutembea kutoka maegesho makuu hadi Magic Kingdom. Karibu miaka 50 watu waliliona geti kwa macho na hawakuweza kulifikia kwa miguu.

EPCOT ilipofunguliwa 1 Oktoba 1982, ikiwa bustani sasa na si mji, treni ya reli moja ilirefushwa kuifuata. Hapo ndipo reli ikakoma. Studio za filamu, zinazoitwa leo Hollywood Studios, zilikuja 1 Mei 1989, reli haikwenda. Animal Kingdom ikaja 1998, reli haikwenda. Nguzo za zege ni ghali, basi ni rahisi, na basi halidai kuamua leo mambo ya miaka 40 ijayo. Kwa hesabu za mhasibu sioni pa kuwalaumu. Ila mtu aliyeitazama treni ile ikikatiza katikati ya ukumbi wa hoteli ya Contemporary, kisha akapanga foleni ya basi jua la Julai kwenda kumwona twiga, anaelewa kwamba ndoto ya yule mzee iliishia njiani.

Bustani hizi zilivyo, ndani ya ua mmoja usafiri ni bure, na ni mzuri. Mabasi ni mengi kiasi cha kuushinda mji wa wastani wa Marekani. Mwaka 2005 Disney ilianzisha mabasi ya bure kutoka uwanja wa ndege wa Orlando hadi kwenye hoteli zake, na mgeni hakuhitaji hata kugusa begi lake. Hisani kubwa. Pia ilikuwa na akili nyingi, maana mgeni aliyepokewa uwanjani bila kukodi gari hana namna rahisi ya kwenda kwa jirani. Anakula ndani, analala ndani, ananunua kofia ndani. Huduma hiyo ilikomeshwa mwanzoni mwa 2022, na kilio kilichofuata kilionyesha jinsi watu walivyozoea kubebwa.

Mahali ambapo mambo yamenyooka ni nyuma ya Epcot. Bustani hiyo ina milango miwili. Ule wa mbele, penye mpira mkubwa wa fedha, unapokea treni na magari. Wa nyuma, kati ya banda la Ufaransa na la Uingereza, unapokea watu waliokuja kwa boti, kwa miguu na, tangu 29 Septemba 2019, kwa magari ya kebo yaitwayo Skyliner. Hayo ni ya jamii ile ile iliyoleta ubishi mwaka huo huo serikali ya Tanzania ilipotangaza nia ya kuyaweka Mlima Kilimanjaro. Florida hayakuleta ubishi, kwa kuwa hapakuwa na mlima wala wapagazi wa kupoteza kazi. Kila kibanda kinachukua watu 10, hakina kiyoyozi, kinapitisha upepo, na kinasitishwa radi zinapoanza kupiga. Karibu wiki moja baada ya kufunguliwa, usiku wa 5 Oktoba, vibanda vilikwama na baadhi ya abiria wakaning'inia angani zaidi ya saa tatu. Siku chache baadaye vikarudi kazini na foleni ikarudi navyo.

Kinachopendeza hapo nyuma ni kwamba mtu anachagua. Kutoka Epcot hadi Hollywood Studios ni kama dakika 20 au 25 za kutembea kando ya mfereji, ukipita madaraja, hoteli na watu wanaovua samaki. Boti zinapita njia hiyo hiyo, polepole kuliko mtembeaji mwenye haraka. Juu kuna kebo. Nyenzo tatu, mageti mawili, na hakuna hata moja inayokulazimisha. Mwenye kiti cha magurudumu anapata kibanda kinachosimama kabisa ili aingie, wakati wengine wanakidandia kikitambaa. Kwa basi, kidaraja cha chuma kinashushwa na yeye anaingia wa kwanza. Hayo wameyafikiria. Ambalo halikufikiriwa, au labda lilifikiriwa mno, ni kwamba kiti au kigari cha umeme alichokikodi ndani ya bustani hakiruhusiwi kuvuka geti. Asiyeweza kutembea anakiacha, na kile kipande cha kati ya bustani na bustani, ambacho ndicho kirefu, anakijua mwenyewe.

Kilomita chache kaskazini-mashariki, jirani naye amejenga yake. Universal Studios Florida ilifunguliwa 7 Juni 1990, na ya pili, Islands of Adventure, 28 Mei 1999. Hawa hawakuwa na ardhi ya kuchezea. Magari yote yanaegeshwa kwenye majengo ya ghorofa, watu wote wanapita daraja moja, wanaingia mtaa wa mikahawa na maduka, na kutoka hapo kushoto ni bustani moja na kulia ni nyingine. Ni dakika chache za miguu. Hakuna mtu duniani aliyehitaji treni mahali pale.

Wakajenga treni. Tarehe 8 Julai 2014 ilianza safari Hogwarts Express, kutoka kwenye hadithi za Harry Potter, yenye stesheni ya King's Cross katika bustani moja na stesheni ya Hogsmeade katika nyingine. Kichwa kinatoa moshi na kupiga honi lakini hakivuti kitu; treni nzima inakokotwa na kebo, kazi ya Doppelmayr wa Austria, wale wale waliotengeneza Skyliner ya Disney. Dirishani hamna Florida. Kuna filamu, na filamu ya kwenda si ya kurudi, kwa hiyo ukitaka kuiona hadithi yote sharti upande mara mbili. Safari inachukua kama dakika nne.

Lakini stesheni zimo ndani ya mageti. Mwenye tiketi ya bustani moja haruhusiwi kupanda, kwa sababu kushuka ni kuingia bustani ya pili. Sharti awe na tiketi ya bustani zote mbili, iliyo ghali zaidi, na akifika mlangoni na mtoto anayelia atakuta watu tayari kumwongezea tiketi yake thamani papo hapo. Nimejaribu kufikiria usafiri mwingine wowote ambao nauli yake ni kubwa namna hiyo kwa umbali mdogo namna hiyo na abiria wake wanashuka wakitabasamu. Sijaupata. Disney walitumia usafiri kumzuia mgeni asitoke. Universal wakatumia usafiri kumfanya alipe mara ya pili. Kwa ubunifu, nawapa Universal ushindi.

Halafu wao wenyewe wakapatwa na tatizo la jirani. Bustani yao mpya, Epic Universe, iliyofunguliwa 22 Mei 2025, iko kilomita kadhaa kusini mwa zile mbili, karibu na ukumbi mkubwa wa mikutano wa kaunti ya Orange. Daraja la miguu haliwezekani, treni ya mchawi haifiki. Kuna mabasi ya bure, na kuna barabara ya Kirkman iliyorefushwa hadi huko. Kaunti ilikubali mwaka 2019 kuchangia dola milioni 125 za ujenzi wake. Wenyeji waliopinga waliuliza kwa nini kodi yao iende kwenye barabara ya bustani. Waliounga mkono walisema barabara ni ya wote. Wote wawili walikuwa sahihi, kitu ambacho hufanya mijadala ya bajeti iwe mirefu.

Sasa tufike kwenye pengo lenyewe. Kati ya Disney na Universal ni safari ya gari isiyofika nusu saa kukiwa hakuna foleni. Katikati yake kuna SeaWorld, iliyoko tangu Desemba 1973. Majirani watatu, mamilioni ya wageni, na wageni wengi ni wale wale: Jumatatu hapa, Jumatano pale, Ijumaa kwa nyangumi. Kati ya Disney na Universal hakuna hata basi moja ambalo mmoja wao anaendesha kwenda kwa mwenzake. Ramani za Disney hazina Universal, na za Universal hazina Disney, kana kwamba ardhi inaishia kwenye ua. Mgeni asiye na gari anaita teksi. Asiye na hela ya teksi anapanda basi la umma la Lynx, nauli dola 2, na anaunganisha.

Serikali iliwahi kujaribu. Mpango wa treni ya kasi kutoka Tampa hadi uwanja wa ndege wa Orlando ulikuwa na kituo ukumbi wa mikutano na kingine Disney, na serikali kuu ya Marekani ilitenga zaidi ya dola bilioni 2. Februari 2011 gavana mpya, Rick Scott, akazikataa fedha hizo, akihofia jimbo lingebeba hasara. Mpango ukafa.

Kisha ikaja kampuni binafsi, Brightline, na hapo ujirani ukaonekana uchi. Novemba 2020 kampuni hiyo na Disney walitangaza kwamba treni kutoka uwanja wa ndege ingesimama Disney Springs, mtaa wa maduka wa Disney. Njia hiyo haikupita kwa Universal. Universal na wenye biashara wa mtaa wa International Drive wakasukuma njia nyingine, ipitie ukumbi wa mikutano, karibu na mahali Epic Universe ilipokuwa ikijengwa, nao wakawa tayari kutoa ardhi ya kituo. Mwaka 2022 upepo ukageukia njia hiyo ya pili. Disney ikasema haitegemei tena kuwa na kituo kwenye ardhi yake. Treni za Brightline kutoka Miami zilianza kufika uwanja wa ndege wa Orlando 22 Septemba 2023, na mpaka leo safari inaishia hapo hapo uwanjani. Wapiganaji wawili wakubwa waligombea kituo, na abiria anashuka kabla ya kufika kwa yeyote kati yao.

Wasomaji wengine watasema mgeni aliyelipa dola 119 au zaidi kwa siku moja ya Disney hashindwi teksi. Sawa. Lakini kituo cha basi Orlando hakijazwi na mgeni huyo. Kinajazwa na anayemtengenezea kitanda, anayekaanga viazi vyake na anayefagia njia baada ya gwaride. Walt Disney World peke yake ina wafanyakazi zaidi ya 75,000, na wale wasio na gari wanategemea Lynx, alfajiri na usiku wa manane, kwa safari ambazo gari dogo linazimaliza kwa robo ya muda. Ukiitazama ramani ya mabasi yale unaiona siri ya mji: njia ndefu zinazokwenda moja kwa moja kwenye milango ya nyuma ya bustani, zile ambazo mgeni hajui kama zipo.

Fedha ya kuyaongeza ingetoka wapi? Kaunti ya Orange inatoza kodi ya asilimia 6 kwenye kila chumba cha hoteli, na kwa wingi wa vyumba vilivyoko hiyo ni mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Sheria ya jimbo inaielekeza kwenye kutangaza utalii, kumbi na viwanja. Kwa hiyo mgeni analipa kodi itakayomleta mgeni mwingine, na anayewahudumia wote wawili anaendelea kusubiri basi. Novemba 2022 kaunti iliwaomba wapiga kura senti moja ya nyongeza kwenye kila dola ya manunuzi, kwa ajili ya usafiri. Wakakataa kwa kura nyingi. Mtu aliyekwisha kununua gari kwa sababu basi halipo haoni sababu ya kulipia basi, na ukimwekea hoja mezani utagundua kwamba hajakosea hesabu zake mwenyewe.

Ufaransa walilitatua mapema. Serikali iliposaini na Disney mwaka 1987, reli ilikuwa sehemu ya mkataba. Treni za mjini Paris zilifika Marne-la-Vallée–Chessy 1 Aprili 1992, siku 11 kabla ya bustani kufunguliwa, na za kasi zikafuata mwaka 1994. Unatoka stesheni, geti hilo pale.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Tokyo Disneyland ilifunguliwa 15 Aprili 1983 bila stesheni, watu wakishukia Urayasu na kuunganisha basi. Stesheni ya Maihama ilikuja 1 Desemba 1988. Bustani ya pili, DisneySea, ilipokaribia kufunguliwa Septemba 2001, mwenye mali, kampuni ya Oriental Land, alijenga treni ya reli moja ya kilomita 5 yenye vituo vinne na madirisha yenye umbo la kichwa cha Mickey. Inazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo kituo kilicho mgongoni mwako utakifikia baada ya kupita vingine vyote, na wengi wanaona heri watembee. Kinachonivutia ni kwamba unalipa nauli. Kama yen 300, kwa kadi ile ile unayopandia treni za Tokyo. Kisheria ni reli, imesajiliwa kama reli, na mtu asiye na tiketi ya bustani yoyote anaruhusiwa kuipanda, akazunguka, akashuka, akaenda zake. Nauli hiyo ndogo inamwacha huru kuliko basi lolote la bure la Florida.

Na kuna Abu Dhabi, ambako wasomaji wetu wengi wana ndugu kwenye hoteli na migahawa. Kwenye kisiwa cha Yas kuna Ferrari World tangu 2010, Yas Waterworld tangu 2013, Warner Bros. World tangu 2018 na SeaWorld tangu Mei 2023, na basi la bure linazunguka kote. Tarehe 7 Mei 2025 ikatangazwa kwamba Disney nayo itajenga hapo hapo. Disney, Warner na SeaWorld kwenye kisiwa kimoja, jambo ambalo Florida halijawaziwa hata kwa utani. Sababu yake haina muujiza. Bustani zote hizo ni za kampuni moja, Miral, inayolipia ujenzi. Wenye majina wanakodisha majina yao na utaalamu. Basi likitoka kwa nyangumi kwenda kwa panya, fedha haijavuka ua.

Huko Animal Kingdom, alasiri, saa kadhaa kabla ya bustani kufungwa, treni ya mwisho inarudi Harambe na mizigo yake ya bandia juu ya paa. Abiria wanashuka pale pale walipopandia. Wanapita Tamu Tamu, wanapita mbuyu wa zege, wanatoka nje na kutafuta foleni yao chini ya mabango. Kuna bango la kila hoteli ya Disney, kuna la Magic Kingdom, kuna la Epcot. La Universal halipo.